Mifupa ya Mtu Nisiyemjua

Mzee akienda kupimwa mifupa leo kwenye ile mashine ya eksirei inayoitwa DXA, hapimwi dhidi ya watu wa rika lake. Anapimwa dhidi ya kijana. Hivyo ndivyo Shirika la Afya Duniani lilivyoamua mwaka 1994: chukua wastani wa madini katika mifupa ya mwanamke kijana aliye mzima, kisha uangalie huyu aliyelala kwenye mashine amepungukiwa kiasi gani. Akiwa chini ya wastani huo kwa vipimo 2.5 vya kitakwimu au zaidi, anaambiwa ana osteoporosisi. Maana yake mifupa imejaa matundu kama sponji na inaweza kuvunjika kwa jambo dogo tu, kama kuinua ndoo au kujikwaa kwenye mkeka. Wastani unaotumika sana siku hizi ni wa wanawake wazungu wa Marekani wenye umri wa miaka 20 hadi 29, waliopimwa mwishoni mwa miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90. Kwa hiyo shosho wa Murang'a akipimwa Nairobi anashindanishwa na msichana wa Marekani wa enzi hizo.

Tuache kwanza suala la uzungu, ingawa lina mjadala wake. Kilichonishika mimi ni ule umri. 20 hadi 29. Hao ni sisi. Sisi tunaosoma haya kwenye simu tukiwa ndani ya matatu, ndio rula. Mzee anahesabiwa kwa kile alichokosa kutoka kwetu. Na ukiigeuza hiyo rula, unapata swali ambalo sijaweza kulitoa kichwani: mtu wa miaka 25 anamdai nini, au anadaiwa nini, na yule bibi wa miaka 70 mwenye jina lake na kitambulisho chake?

Wengi tunafikiri mfupa ni kama simiti. Umemwagwa, umekauka, basi. Ukweli ni kwamba kuna seli ndani ya mfupa ambazo kazi yake ni kuula, na nyingine ambazo kazi yake ni kuujenga, na hizo mbili zinafanya kazi usiku na mchana maisha yako yote. Utotoni wajenzi wanawashinda walaji. Kufikia mwishoni mwa miaka ya ishirini, au thelathini hivi, mfupa unafika kilele chake. Baada ya hapo walaji wanaanza kushinda polepole. Kwa wanawake mambo huenda kasi zaidi hedhi inapokoma, kwa sababu homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiwazuia wale walaji inashuka. Mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake ndani ya miaka mitano hadi saba. Hasikii chochote. Hakuna maumivu, hakuna homa. Siku moja anaanguka bafuni, mfupa wa nyonga unakatika, na ndipo anagundua alikuwa mgonjwa kwa miaka kumi.

Madaktari hupenda kusema mfupa ni benki: weka ukiwa kijana, utoe ukiwa mzee. Ni mfano mzuri wa kumwambia mtu aelewe haraka, lakini una kasoro. Takriban asilimia kumi ya mifupa ya mtu mzima hubomolewa na kujengwa upya kila mwaka. Piga hesabu. Hii mifupa niliyokaa nayo sasa hivi, sehemu kubwa yake sitamwachia yule mzee. Ni kama jahazi la Lamu linalobadilishwa ubao mmoja mmoja, leo huu, mwezi ujao ule, mpaka baharini kuna jahazi lenye jina lile lile ambalo limebakiwa na mbao chache tu za mwanzo. Anachokirithi mzee ni kiwango, yaani mahali alipoanzia kushuka. Pesa zenyewe, nyingi hazipo tena. Ni kama mtu akurithishe urefu wa ngazi badala ya nyumba.

Mwanafalsafa Mwingereza Derek Parfit aliandika kuhusu mtu kama huyu mwaka 1984, katika kitabu chake *Reasons and Persons*. Alidai kwamba kile kinachokuunganisha wewe wa leo na wewe wa miaka hamsini ijayo (kumbukumbu, tabia, nia, mapenzi) hufifia kadiri miaka inavyosonga, na huenda kikafifia sana hivi kwamba yule wa mbele ni karibu mtu mwingine. Alitoa mfano wa kijana anayeanza kuvuta sigara akijua kwamba itamtesa uzeeni na asijali. Watu wengi wangesikia hoja hiyo waseme: poa, kama yule ni mtu mwingine, basi shida ni zake. Parfit akaipindua. Kama yule ni kama mtu mwingine, alisema, basi kumuumiza si uzembe tena, ni kosa la kimaadili, kwa sababu hatuna ruhusa ya kuwatendea wengine hivyo. Uzembe wako unageuka kuwa dhuluma.

Napenda ujanja wa hoja hiyo, lakini kuna kitu kinanisumbua. Inamfanya kijana awe na nguvu zote na mzee asiwe na lolote, kama vile mmoja ni tajiri na mwingine ni ombaomba anayengoja langoni. Vijana ninaowajua mimi hawako hivyo. Wengi wao ndio ombaomba.

Hapa nyumbani tulikuwa na John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, ambaye mwaka 1969 alitikisa vyuo vikuu kwa kusema kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika, wakati una yaliyopita marefu sana, una ya sasa, na karibu hauna yajayo. Alitumia maneno ya Kiswahili kabisa, Sasa na Zamani. Ushahidi wake mmojawapo ulikuwa vitenzi vya Kikamba na Kikuyu: alisema njeo za wakati ujao haziendi mbali, miezi sita hivi, miaka miwili ikizidi. Alipingwa sana. Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu kwa kutumia lugha ya Kiakan kwamba mambo si hivyo hata kidogo. Nami nikitazama Kiswahili naona kitu cha tatu. Tuna -ta- moja tu. Nitakunywa chai. Nitazeeka. Hakuna tofauti kati ya saa kumi jioni na mwaka 2070. Lugha yenyewe imeziweka siku zote zijazo kwenye gunia moja. Na bado lugha hiyo hiyo inatuambia akiba haiozi, methali ya watu walioifikiria kesho vya kutosha na kuiwekea ghala.

Kwa hiyo sikubali kwamba kijana wa Nairobi hajali mifupa yake kwa sababu ya utamaduni wa wakati. Anajali kodi ya tarehe tano. Mimi niliacha chuo, na tangu hapo kila shangazi na kila mtu wa kanisa ana maoni kuhusu yule mimi wa baadaye. Wanamzungumzia kama mtu wa familia aliyesafiri. Najua vizuri jinsi mtu asiyekuwepo anavyoweza kutumiwa kumpiga yule aliyepo.

Na ukifuatilia sayansi yenyewe, hoja ya kumlaumu kijana inapata shida kubwa zaidi. Mfupa haujengwi kwa mwendo mmoja. Takriban robo ya madini yote ya mifupa ya mtu mzima huwekwa katika miaka miwili tu, ile ya kukua kwa kasi wakati wa kubalehe: miaka kumi na mbili, kumi na tatu kwa wasichana, wavulana baadaye kidogo. Wewe ulikuwa wapi ukiwa na miaka kumi na tatu? Ulikuwa ukila ulichopewa. Githeri ya bweni, ugali na kabeji, chai ya maji ya moto yenye rangi ya maziwa. Katika umri huo wataalamu wanapendekeza miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku. Hakuna mtoto aliyeamua kuzila au kutozila. Aliyeamua ni mzazi, na mwalimu mkuu, na bei ya maziwa, na serikali.

Serikali, ndiyo. Waulize wazazi wako kuhusu maziwa ya Nyayo na uangalie nyuso zao zinavyobadilika. Mwaka 1979 serikali ya Moi ilianza kugawa maziwa ya bure katika shule za msingi, pakiti ya mililita 200, ile ya pembe tatu, na mpango ukaendelea mpaka ukafifia miaka ya 90. Pakiti kama hiyo ina kalsiamu ya miligramu 240 hivi, na haikuja kila siku, kwa hiyo tusiifanye muujiza. Lakini fikiria: msichana aliyekuwa na miaka minane pakiti za kwanza zilipofika, leo yuko katikati ya hamsini. Ndiyo umri ule ule hedhi inapokoma na walaji wa mfupa wanapoanza sherehe. Mwili wake unatembea na uamuzi ambao hakuufanya yeye. Na msichana wa miaka minane aliyezaliwa baada ya mpango kufa anatembea na uamuzi mwingine. Ukimwambia huyu wa pili uzeeni kwamba angejikinga mapema, unazungumza na nani hasa?

Kuna mahali kijana anaamua mwenyewe, na hapo ndipo mambo yanakuwa magumu kweli. Chukua sindano ya kupanga uzazi, ile ya miezi mitatu, Depo. Ni miongoni mwa njia zinazotumiwa sana na wanawake wa Kenya. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza iwekewe onyo kali, kwa sababu inapunguza madini ya mifupa inapotumika, hasa kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani nalo linasema wanawake wa miaka 18 hadi 45 wanaweza kuitumia bila kizuizi, na kwamba mifupa hujirudisha baada ya kuiacha. Kwa hiyo sisemi mtu aitupe, na mwenye wasiwasi aongee na daktari au nesi, kwa sababu kuna njia nyingine zisizogusa mfupa. Ninachosema ni hiki: rafiki yangu aliyeanza sindano akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa na mizani mkononi. Upande mmoja bibi wa miaka 70 ambaye huenda akavunjika nyonga. Upande mwingine msichana wa miaka kumi na tisa ambaye hakutaka mimba na hakutaka mtu ajue, na sindano haionekani kwenye mkoba.

Nani angethubutu kumwambia kwamba amemdhulumu yule bibi? Yule bibi mwenyewe, kama angeweza kuongea, nadhani angesema asante. Maisha yake yote yamesimama juu ya huyu msichana. Kama msichana angezama, bibi asingekuwepo wa kulalamikia mifupa. Hapa ndipo naona Parfit hatoshi. Wageni wawili wa kawaida hawategemeani hivi. Mtu wa baadaye ana haki, sawa, lakini haki ya wa sasa kuishi inakuja kwanza, na si ubinafsi kuidai.

Sasa nije kwenye mzigo, maana mfupa unaelewa lugha moja tu, nayo ni mzigo. Daktari Mjerumani Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujiunda kufuata nguvu zinazoubana. Mchezaji tenisi ana mfupa mnene zaidi kwenye mkono wa raketi. Mwanaanga akielea huko juu bila uzito hupoteza asilimia moja hivi ya madini ya nyonga kila mwezi, na ni mtu aliyechaguliwa kwa afya yake. Ukiacha kuubebesha mfupa, unaamini hauhitajiki na unajipunguza.

Shosho yangu ana alama ya ukanda kichwani, pale mukwa ulipokaa miaka na miaka akibeba kuni na mitungi. Ukipitisha kidole unauhisi ule mfereji kwenye fuvu. Mwaka 1986 Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la *Nature* utafiti kuhusu wanawake kama yeye, Wajaluo wanaobeba kichwani na Wakikuyu wa ukanda, na wakaonyesha kwamba waliweza kubeba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu zaidi ya kawaida. Wazungu walishangaa. Shosho hangeshangaa, angeuliza tu walipimwa wakiwa na njaa au wakiwa wameshiba.

Leo mjukuu wake analipa pesa kila mwezi akainue vyuma jimu. Tunacheka, lakini sioni kama ni kichekesho tu. Ule mzigo wa kuni ulikuwa kinga ya mfupa na ulikuwa unyonyaji kwa wakati mmoja. Uliimarisha nyonga na ukaumiza shingo. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Siwezi kusimama hapa niseme turudi kwa maisha ya zamani eti mifupa ilikuwa migumu, kwa sababu maisha hayo yalijengwa juu ya mgongo wa mtu mmoja na huyo mtu alikuwa mwanamke. Halafu ule mgongo wenyewe umeinama sasa. Nyumbani tulisema ni kuni zilizompinda. Inawezekana, lakini inawezekana pia ni pingili za uti wa mgongo zilizobonyea moja baada ya nyingine bila mtu kujua, kwa sababu mivunjiko ya aina hiyo mara nyingi haiendi hospitali. Inaitwa uzee. Inaitwa kibiongo. Mtu anafupika na watu wanasema shosho amekuwa kadogo, wanamkumbatia.

Ukitaka kuchanganyikiwa zaidi kuhusu nani alaumiwe, angalia Gambia. Vijijini huko watafiti walikuta wanawake wanaopata miligramu 300 hadi 400 tu za kalsiamu kwa siku, chini ya nusu ya 1,000 zinazopendekezwa Marekani kwa mtu mzima, na bado mivunjiko ya uzeeni ilikuwa michache kuliko Ulaya. Chakula si kila kitu. Kuna kutembea, kuna kazi ya jembe, kuna jua, kuna maumbile, na kuna jinsi watu wanavyoanguka.

Najua kuna msomaji anayetaka aambiwe afanye nini. Sawa, haraka haraka. Omena, iliwe na mifupa yake. Sukuma wiki, ambayo kalsiamu yake inaingia mwilini vizuri. Spinachi si sana, ina kitu kinachoifunga kalsiamu isitumike. Simsim, mala. Jua la kutosha kwenye ngozi kwa ajili ya vitamini D, na kukaa ofisini au kwa nyumba na leptopu tangu asubuhi hakuhesabiki hata kama nje ni Nairobi na jua ni la bure. Ruka kamba, panda ngazi, inua vitu vizito kwa utaratibu. Kuogelea na baiskeli ni nzuri kwa moyo lakini mfupa haziusukumi sana. Sigara acha. Pombe punguza. Na kujinyima chakula ili uwe mwembamba mpaka hedhi ikatike, hiyo ni hatari kwa mfupa na watu hawasemi.

Umeona hiyo orodha? Yote ni mambo ya mtu mmoja mmoja. Wewe, chakula chako, kamba yako. Lakini mfupa dhaifu peke yake mara nyingi hauvunji nyonga. Zaidi ya tisa kati ya kumi ya mivunjiko ya nyonga hutokana na kuanguka. Na kuanguka kuna mahali. Kuna kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, mtaro usio na mfuniko, matatu inayoondoka mama akiwa bado na mguu mmoja hewani huku makanga anapiga bati. Katika nchi zilizohesabu, takriban mzee mmoja kati ya watano waliovunjika nyonga hufa ndani ya mwaka. Tunaita hiyo osteoporosisi. Mtaro hatuupi jina la ugonjwa.

Hapo ndipo ninaposimama mimi, kama lazima nisimame mahali. Yule mtu wa miaka 70 nisiyemjua ni mgeni kwangu, nakubaliana na Parfit. Lakini wazee wa jina langu si yeye peke yake, na wengine wameshafika. Wako hapa, wanateremka ngazi saa hii. Nikimjali mgeni wa mwaka 2070 kwa kunywa mala kila jioni na nisimjali mama wa miaka 70 wa leo, basi nilichokuwa nikijali ni ngozi yangu tu, na hayo mazungumzo yote ya maadili yalikuwa kelele. Na kwa upande wa pili, mji ambao mama huyu anaweza kuutembea bila kuanguka ndio mji huo huo nitakaouzeekea, na mifupa yangu iwe ilivyo.

Kwenye ploti yetu taa ya ngazi ya ghorofa ya pili iliungua Januari. Landilodi anasema atatuma fundi, kea-teka anasema balbu si kazi yake. Ghorofa ya tatu kuna mama mmoja mzee anayeteremka saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenda kuuza uji stendi, jagi mbili, moja kila mkono, kwa hiyo hawezi kushika ukuta. Wiki iliyopita jirani alipitisha kofia kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji. Balbu ni shilingi mia mbili. Tuko nyumba ishirini na nne, na kufikia jana waliokuwa wametuma ni watatu.